Kodi Iliyowashusha Wapare Milimani

Vijana wa Kenya walipoingia barabarani mwezi Juni 2024 kuupinga Muswada wa Fedha, habari zao zilitufikia hata huku chini ya milima ya Upare, ndani ya simu za watoto wetu. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na roho za watu zikapotea. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Katika mabaraza tunamokaa baada ya sala ya Alasiri tulisikia kauli moja ikirudiwa: kwamba hayo ni mambo ya Wakenya, na kwamba Mtanzania, na hasa Mpare, hana historia ya kuvutana na Serikali kwa ajili ya kodi. Kauli hiyo ndiyo iliyotupeleka kwenye kabati la vitabu.

Kitabu tulichokitafuta ni chembamba, mtu hukimaliza kati ya Adhuhuri na Magharibi. Kinaitwa kwa neno la Kipare, Mbiru, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Kilichapishwa Nairobi mwaka 1971. Mwandishi wake ni marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, mmoja wa wale walioijenga idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Miaka miwili kabla yake alikuwa amekwisha kutoa kitabu kikubwa cha historia ya Wapare tangu karne ya 16. Hiki kidogo kinashughulika na tukio moja tu, na pengine ndiyo sababu kinasomeka vizuri zaidi.

Tukio lenyewe ni hili. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, wakuu wa wilaya ya Pare, Waingereza pamoja na watemi wa huku waliokuwa chini yao, waliamua kuongeza mapato kwa kodi ya namna mpya. Kodi ya kichwa iliyokuwapo ilimtoza kila mwanamume kiasi kimoja. Hii mpya ingepanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya mtu: mashamba yake, mifugo yake, na kile kinachokisiwa kuwa ni pato lake. Waliipa jina la zamani, mbiru, yaani ile ada ambayo raia wa kale alimpelekea mtawala wake. Huenda walidhani jina la mababu litailainisha. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo wakidai kodi hiyo ifutwe. Hawakukaa siku moja wala wiki moja. Ilikuwa ni miezi.

Hapa ndipo tulipokiweka kitabu chini na kufikiri. Kwa kuitazama juu juu, kodi ile ilikuwa ya haki kuliko ya kwanza, kwani mwenye ng'ombe hamsini hawezi kulinganishwa na mjane mwenye mbuzi wawili. Na sisi Waislamu, zaidi ya watu wengine, tumelelewa katika wajibu unaopanda na kushuka kwa kadiri ya mali. Zaka ni hivyo hivyo. Kwa nini basi watu, na wengi wao mafukara, walikataa kile ambacho kwa maandishi kilikuwa kinawapunguzia?

Jibu, kwa tunavyoona, limo katika namna ya ukadiriaji. Katika zaka mtu hahitaji mkadiriaji amwambie anachodaiwa. Mwenye mbuzi 39 anajua hadaiwi. Wakifika 40 anajua anatoa mmoja, na haongezi wa pili mpaka wazidi 120. Mwenye ng'ombe 30 anatoa ndama wa mwaka mmoja, wa 40 anatoa wa miaka miwili. Mazao yaliyonyweshwa na mvua yana fungu la kumi, na yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama yana nusu ya hilo (na hapa mafakihi wangepata kazi kubwa Upare, kwa mifereji yetu na ndiva zake, ambazo maji yake ni ya mvua na jasho lake ni la wanakijiji). Mtoto wa madrasa anaweza kumhesabia baba yake. Isitoshe, Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimwonya asichukue kilicho bora kabisa katika mali za watu, na amche aliyedhulumiwa, kwa kuwa dua yake haina kizuizi. Onyo lile alipewa mkusanyaji, tena kabla hajafunga safari.

Mbiru haikuwa na mizani hiyo ya wazi. Mkulima wa Usangi aliona watu wa mtemi wakihesabu na kukisia, kisha akaambiwa kiasi chake. Kwa nini jirani yake kakadiriwa kidogo? Je, ni kwa kuwa ni mkwe wa mkubwa fulani? Hakuwa na pa kuuliza ila kwa wale wale waliomkadiria. Hata jina lile la heshima liligeuka kuwa kero, kwa sababu ada ya kale ilikwenda kwa mtawala ambaye raia alimjua na kumdai wajibu wake pia, ilhali hii ya sasa ilikwenda katika hazina ya wageni kwa kupitia mikono ya watawala hao hao. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alieleza jinsi dola changa inavyopata mapato mengi kwa viwango vidogo, na dola iliyochoka inavyopata machache kwa viwango vikubwa. Tukithubutu kumwongezea mwanachuoni yule jambo moja kutoka Same, ni kwamba hata kiwango kidogo hukataliwa kikiwa hakieleweki.

Kisha kuna habari ya akina mama. Wanaume walipokuwa wamekaa tambarare, kazi zote za milimani, mashamba, mifugo, maji na watoto, ziliwaangukia wao. Katika miaka ya 1970 mtafiti kutoka Marekani, Jean O'Barr, aliandika kuhusu wanawake wa Upare na siasa, na ni kwa kalamu yake kwamba wasomaji wengi wa nje walijua kuwa mamia ya wanawake wa Usangi nao walitoka kumkabili mkuu wa wilaya. Hoja yao ilikuwa ya nyumbani: ama amalize ugomvi huu ili waume zao warudi, ama yeye mwenyewe abebe wajibu wa waume hao. Waliitamka kwa maneno makali zaidi ya haya, na kwa kuwa gazeti hili husomwa na familia nzima tutayaacha walipoyaacha. Ila tunajiuliza ni bibi wangapi wa Usangi walizikwa bila wajukuu wao kujua kwamba waliwahi kusimama mahali hapo.

Kufikia mwaka 1947 kodi ya mbiru ilikuwa imeondolewa. Profesa Kimambo alilirudia tukio hili katika kitabu chake cha 1991 kuhusu Wapare na uchumi wa dunia kati ya 1860 na 1960, na humo anatazama mbali zaidi: misafara ya biashara, reli, mkonge, kahawa, na jinsi mkulima wa mlimani alivyofungwa kidogo kidogo katika soko asiloliona. Ni kazi nzito na tunaiheshimu. Hata hivyo sisi tunakipenda zaidi kile chembamba, maana humo watu wanaonekana, na katika kile kikubwa mara nyingine bei ya mazao huwafunika.

Usangi na Ugweno ni nchi ambayo Waislamu na Wakristo hukaa nyumba kwa nyumba, na aghalabu ndani ya ukoo mmoja. Kumbukumbu hii basi haina mwenyewe mmoja, na labda ndiyo maana haikupata mlinzi. Kitabu kimo kwa Kiingereza, nakala zake ni adimu, na kijana anayefuatilia ya Nairobi kwa simu hawezi kukipata hata akitaka.

Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka ule wa 1945 sasa ni mzee sana. Tunaziomba familia zenye wazee wa namna hiyo, iwe Usangi, Ugweno, Mbaga, Gonja au popote walipohamia, zikae nao jioni moja na kurekodi wanayoyakumbuka, kwa Kiswahili au kwa Kipare. Wenye masanduku ya zamani wasichome stakabadhi za kodi zilizochakaa kabla ya kuzisoma. Hapa Same tumekwisha kuanza kuuliza. Wazee wawili tuliowaomba watuonyeshe mahali walipokaa watu wale wametuonyesha sehemu mbili tofauti, na kila mmoja ana uhakika na yake.