Wapinga Kitanzi Tuwaenzi Vipi?

Kila tarehe 10 Oktoba, siku ya dunia ya kupinga adhabu ya kifo, wanaharakati husifiwa kwenye makongamano na kupewa vyeti. Kesho yake hurudi kwenye kazi isiyo na mashabiki: kutetea uhai wa mtu aliyeua. Naamini wanastahili zaidi ya vyeti, na kwa Tanzania pa kuanzia ni kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomlazimisha jaji kumhukumu kifo anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia.

Wapo wasemao hakuna haja ya kulisumbukia hilo, kwani Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994. Kabla ya kuwajibu, tukumbuke kwamba mwaka huohuo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya Mbushuu, Dodoma, kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilizipitia hukumu hizo za Tanzania ilipokuwa ikiipima adhabu ya kifo nchini mwake, ikaifuta. Vijana wetu wa sheria wafundishwe jina la Mwalusanya.

Lakini wapo pia wapiganaji waliokuwa gerezani. Susan Kigula wa Uganda, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2002, aliishtaki serikali pamoja na wenzake zaidi ya 400. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ilikataa jaji kulazimishwa kutoa hukumu hiyo. Ikaamua pia kwamba atakayekaa zaidi ya miaka mitatu tangu rufaa yake ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha, kwa sababu kungoja huko nako ni mateso. Kigula alisoma sheria akiwa gereza la Luzira, na mwaka 2016 akatoka. Mateso hayo ya kungoja ndiyo jibu kwa wanaotuambia tutulie kwa kuwa hakuna anayenyongwa.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mama aliyeuliwa mwanawe. Kwake, kumtunuku mtetezi wa muuaji ni kidonda juu ya kidonda, na wanaharakati wengi hawajaketi naye vya kutosha. Wakamsikilize. Hata hivyo, sheria ilivyo sasa haimpi fidia wala faraja. Inampa hukumu ambayo serikali yenyewe haitekelezi, huku ikimfunga mikono jaji asiweze kutofautisha aliyepanga mauaji kwa miezi na mwanamke aliyemuua mume baada ya miaka ya kipigo.

Mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliiamuru Tanzania iondoe ulazima huo ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki. Mbunge anayetaka kuwaenzi wapinga kitanzi apeleke muswada wa kukirekebisha.