Pad thai haitaki chupa tatu za sosi

Nasema hivi, na mnitukane mkitaka: pad thai si chakula cha watu wa Nyali peke yao. Kinachozibeba zile tambi ni ukwaju, na ukwaju umejaa soko la Kongowea.

Haya tuhesabu. Uchachu ni ukwaju. Utamu, sukari guru. Chumvi na ile harufu ya bahari, uduvi mkavu uliotwangwa. Juu tia njugu zilizokaangwa zikapondwa, ndimu na pilipili. Pojo ziloweke, uzifunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu, zitachipua zenyewe. Kigeni hapo ni tambi za mchele tu.

Lakini fungua video uone: nunua sosi hii, na ile, ukikosa mwagia ketchup. Msichana wa Likoni akiona bei anafunga simu. Ni kama ameambiwa jikoni mwa mamake hakuna kitu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kwani Wathai wenyewe? Tambi walizipata kwa Wachina, wakatia ukwaju wao, kisha serikali ya waziri mkuu Phibun ikakipigia debe kikawa chakula cha taifa. Sisi na biriani tulifanya nini tofauti?

Kwa hivyo tambi loweka, usichemshe. Karai, moto mkali, pika sahani moja moja zisigandane. Yai, tambi, maji ya ukwaju, basi.

Na wewe mwenye video, kabla hujatuambia "nunua", tuulize kwanza tuna nini ndani.