Nani Amekutuma?

Hapa Same, Yeremia 29:11 haihitaji kufunguliwa Biblia. Imebandikwa kwenye vioo vya Hiace, nyuma ya pikipiki za stendi na kwenye makava ya simu, na mhubiri akiianza kwenye semina ya vijana, ukumbi mzima unamalizia. Mungu ana mpango na wewe, basi. Kinachosahaulika ni kwamba maneno yale yalikuwa sehemu ya barua, na barua yenyewe iliandikiwa mateka walioko Babeli, watu waliokuwa wakidanganywa na manabii wao kwamba karibuni watarudi nyumbani. Yeremia aliwakata matumaini hayo. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na wautafutie amani mji uliowateka, kwa kuwa safari ya kurudi ilikuwa mbali, miaka 70. Ukipiga hesabu, wengi waliosomewa barua ile walikuwa wanaarifiwa kwa adabu kwamba watazikwa hukohuko ugenini. Mpango mwema ulikuwepo, ila ulikuwa wa watu wote kwa pamoja, na ulianza na jembe.

Naanzia hapo kwa sababu toleo hili linahusu kusudi la maisha, na tulipotangaza mada tulimiminiwa makala zilizofanana kama mapacha. Kila mtu, zilisema, amezaliwa na kusudi lake la pekee lililofichwa ndani yake. Kazi yake ni kuligundua, na asiyeligundua ameishi bure. Nyingi tumeziweka kando. Meza hii ya uhariri inaona kwamba fundisho hilo, hata likipambwa kwa maandiko, ni mzigo usiobebeka kwa kijana aliyemaliza chuo, akarudi Hedaru au Makanya na cheti ndani ya bahasha ya kaki, na sasa anaambiwa kwamba tatizo si ajira, tatizo ni yeye kutojitambua. Imani ya Kikristo iliposhika mizizi kwenye milima hii ya Upare haikupita njia hiyo. Watu walitumwa kwanza. Kujitambua kulikuja baadaye, kwa wale waliopata nafasi ya kuliwaza jambo hilo.

Nisiwe mchoyo. Kitabu cha Rick Warren cha mwaka 2002, kilichouzwa makumi ya mamilioni ya nakala na kuzaa nusu ya semina tunazozisikia, kinaanza kwa kumtoa msomaji katikati ya jukwaa na kumweka Mungu hapo. Lakini kitabu kikishavuka bahari na kuingia ukumbini kwa kiingilio, ukurasa huo wa kwanza ndio huwa wa kwanza kuruka.

Kabla ya misheni, swali la kusudi halikumsumbua Mpare. Ukoo ulishalijibu. Ugweno, Washana walikuwa wahunzi, na kwa mujibu wa historia aliyoikusanya Profesa Isaria Kimambo kutoka kwa wazee na kuichapisha mwaka 1969, walikuwa pia watawala kabla ya Wasuya kuwapindua. Chuma chao kilivuka hadi Uchagani. Mtoto wa mhunzi hakuulizwa anataka kuwa nani; alipewa viriba avute. Kulikuwa na utulivu ndani ya mpango huo, na kulikuwa na kifungo.

Na kulikuwa na Malameni. Mwamba huo uko Mbaga, na leo watalii hupandishwa kwenda kuutazama. Simulizi za Mbaga zinasema kwamba mtoto kigego, yaani aliyeota meno ya juu kwanza, alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo, akapelekwa pale na kusukumwa chini. Siutaji mwamba huu ili kuwacheka mababu. Mama aliyekuwa akipapasa ufizi wa mwanawe kila asubuhi, akiomba kidole kikutane na jino la chini, hakuwa mkatili. Alikuwa ameshikwa na hofu ya watu wote waliomzunguka. Nautaja kwa sababu hapo ndipo imani ilipotoa jibu lake la kwanza kuhusu kusudi, na jibu hilo halikumwambia mtoto awe nani. Lilisema tu kwamba huyu hakuletwa kwa makosa, mwacheni aishi. Kila tunachokisema kanisani kuhusu wito kinasimama juu ya sentensi hiyo, na pasipo hiyo hakuna cha kusema. Ndiyo maana inaniuma kuona usharika unaoimba habari za mpango wa Mungu huku mtoto mwenye ulemavu amefungiwa chumba cha nyuma kwa jirani, na binti aliyepata mimba ametolewa kwaya bila hata kuulizwa amelalaje.

Baadaye ndipo kazi zilipokuja. Wamishenari wa Leipzig walifungua Shigatini mwaka 1900. Wasabato walifika Mwembe mwaka 1903, na hapo ndipo kazi yao ilipoanzia katika nchi hii. Mmoja wao, Ernst Kotz, alikuwa ameshachapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, kufikia mwaka 1909. Majina hayo yameandikwa vitabuni. Yasiyoandikwa ni ya walimu waliowafundisha wamishenari hao Chasu hicho, waliowabebea mizigo, waliosimama mbele ya darasa la miti na udongo wakiwa wamewatangulia wanafunzi wao kwa kurasa chache tu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliondolewa. Wa Leipzig walifukuzwa na Waingereza mwaka 1920, na walianza kuruhusiwa kurudi katikati ya muongo huo. Hebu tulia hapo kidogo. Kwa miaka kadhaa, sharika changa za Upare, za Kilimanjaro na za Meru zilibaki mikononi mwa walimu wa Kiafrika ambao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Wachungaji wa kwanza Waafrika wa upande huu wa Kilutheri walibarikiwa miaka ya 1930. Kabla ya hapo walimu hao walihubiri, wakafundisha, wakazika, wakasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Sidhani kama hata mmoja alifunga siku 40 kuuliza kusudi lake. Watoto walikuwa wamekaa darasani na mwalimu mwingine hayupo. Kimambo alirudi kwenye jambo la jinsi hii uzeeni, katika kitabu alichohariri pamoja na Thomas Spear mwaka 1999 kuhusu Ukristo wa Afrika Mashariki: dini hii iliota hapa kwa sababu Waafrika waliichukua wakaifanya yao, mara nyingi wakati mmishenari hayupo.

Luther mwenyewe alikuwa upande huo. Mwaka 1520 aliwaandikia wakuu wa Ujerumani kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima wana kazi na cheo mbele za Mungu sawa na padri au askofu, na kila mmoja kwa kazi yake awafae wenzake. Washana wangemwelewa haraka kuliko tunavyomwelewa sisi.

Leo mambo hayo yanaonekana wapi? Kwangu mimi, kwenye mnada. Ibada ikiisha Jumapili katika sharika za milimani, watu hawatawanyiki. Sadaka za mazao zinatolewa nje: mkungu wa ndizi, debe la maharage, tangawizi kwenye ndoo, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mzee wa kanisa anapandisha bei kwa mzaha. Kuku ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha mezani, ananunuliwa tena. Watani wetu Wachaga husema Mpare hatoi shilingi bila risiti, waje waone. Lakini tazama pia kinachoendelea pembeni. Mtu anauliza tangawizi hii nene ni ya nani, kijana anasukumwa mbele, na kabla ya jua kugeuka ameshaombwa awafundishe wenzake wa kikundi. Binti mmoja ninayemfahamu alianza kwa kuandika hesabu za mnada kwenye daftari la shule kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Leo ndiye mtunza hazina wa mtaa wake, na chama cha kuweka na kukopa cha kijiji kimemwajiri. Ukimuuliza aligundua lini wito wake, atacheka. Wenzake ndio waliougundua.

Najua hatari ya ninachokitetea. Jamii ikipewa mamlaka ya kumtuma mtu, inaweza kumtuma pale inapotaka yenyewe. Wanawake wetu wametumwa jikoni kwa miaka 100 na kuambiwa huo ndio wito wao, na aliyetaka kusoma theolojia aliitwa mwenye kiburi. Kijana mwenye kipaji cha uchoraji anaweza kuozea hapa kwa sababu hakuna mtu kijijini anayejua kipaji hicho kinafaa nini. Huyo apande basi la Dar es Salaam na tumwombee safari njema. Ibrahimu naye aliondoka kwao. Ninachokataa ni kumwacha kijana peke yake na simu yake na swali ambalo hata ukoo, hata misheni, hawakuwahi kumtupia mtu mmoja alijibu usiku.

Lipo pingamizi jingine, na hilo linatuhusu sisi wenye ofisi. Kanisa linapenda kusema wito pale lisipotaka kusema mshahara. Mwinjilisti anafundisha kipaimara Jumamosi, anahubiri Jumapili, anazika Jumanne, anapanda kilima kumwona mgonjwa siku mvua inanyesha, na posho yake ya miezi iliyopita haijafika. Akiuliza, anakumbushwa kwamba anamtumikia Bwana. Anayetuma ana wajibu wa kumvisha viatu anayemtuma, na kama hawezi, amwambie mapema.

Kwa hiyo kurasa zinazofuata hazina maswali ya kujipima wala hatua saba za kufuata. Kuna mazungumzo na wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, kumbukumbu za mwalimu mstaafu wa Suji, na tafakari ya barua ya Yeremia kuanzia aya ya kwanza. Kuna pia makala kuhusu posho na kiinua mgongo cha wainjilisti, ambayo wasomaji wetu wawili walioisoma kabla ya kuchapwa walishauri tuiondoe kwa kuwa si jambo la kiroho. Tumeiweka ya kwanza, ukurasa wa tatu.