Saa mbili usiku ni saa ngapi? Wanafunzi wa sheria na waomba hifadhi Marekani

Simu inaingia kijijini kutoka namba ndefu ya nje. Anayezungumza ni mkalimani, na pembeni yake yuko kijana anayesomea sheria nchini Marekani. Wanauliza nyumba ilichomwa mwezi gani, nani alikuwepo, na kama kuna aliyebaki na cheti cha hospitali. Mama anajibu kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Kwake jibu hilo limetosha. Kwa mtoto wake, anayeomba hifadhi huko aliko, bado.

Kwanza, msikilizaji, tutenganishe mambo mawili. Mtu aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu alihojiwa na kukubaliwa kuwa mkimbizi kabla hajapanda ndege. Mwomba hifadhi ni yule aliyefika mwenyewe, mpakani au uwanja wa ndege, kisha akasema anaogopa kurudi kwao. Huyo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba anaandamwa kwa sababu ya asili yake, dini, uraia, maoni ya kisiasa, au kundi fulani la kijamii alimo. Fomu yake lazima ijazwe kwa Kiingereza, na kwa kawaida iwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu aingie nchini.

Nani amsaidie? Marekani, mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kesi ya uhamiaji haihesabiwi kuwa ya jinai. Sheria inamruhusu mwomba hifadhi kuwa na wakili, lakini serikali hailipi, ingawa yenyewe ina wakili wake wa kumpinga. Hata mtoto anaweza kujikuta peke yake mbele ya jaji. Na mahakama hizi, ambazo zina kesi zaidi ya milioni 3 zinazosubiri, ziko chini ya Wizara ya Sheria, si chini ya mhimili wa mahakama.

Ndipo wanaingia wanafunzi. Kanuni za uhamiaji zinamruhusu mwanafunzi wa chuo cha sheria kumwakilisha mwomba hifadhi, mradi asimamiwe na mwalimu au wakili mwenye leseni, jaji akubali, na asipokee malipo kutoka kwa mteja. Vyuo vingi vina kliniki za sheria kwa kazi hiyo. Harvard wanayo tangu 1984. Ipo pia katika chuo cha sheria cha Maine, mjini Portland, mji ambao Wakongo wengi wamekimbilia.

Sehemu kubwa ya kazi yao si kuhutubia mahakamani. Ni kukaa na mtu mmoja saa nyingi, siku baada ya siku, wakipanga maisha yake kwa tarehe. Wakili mwenye mafaili mengi mezani hana saa hizo. Na saa hizo ndizo zinazookoa, kwa sababu sheria ya mwaka 2005 inamruhusu jaji kutomwamini mtu kwa maelezo kutofautiana, hata kama tofauti yenyewe haigusi kiini cha kesi.

Sasa fikiria Kiswahili chetu. Mtu anasema wenye silaha walikuja saa mbili usiku. Mkalimani asiye makini anaandika saa nane za usiku, kwa hesabu yetu. Kwenye karatasi nyingine imeandikwa ipasavyo. Tayari kuna tofauti ya saa sita. Au anasema baba aliuawa, akimaanisha baba mdogo, kisha baadaye anataja kwamba baba yake yuko hai. Kwetu hakuna aliyedanganya. Mbele ya jaji huo unaweza kuonekana uongo. Mwanafunzi mzuri ni yule anayeuliza tena: baba yupi? Usiku kabla ya kulala au baada?

Kesi moja inaonyesha uzito wa jambo hili. Desemba 1994 Fauziya Kassindja, binti wa miaka 17 kutoka Togo, alifika Marekani akikimbia ndoa ya kulazimishwa na ukeketaji. Afisa aliandika jina lake vibaya, na mpaka leo uamuzi wake unajulikana kisheria kwa jina la Kasinga. Aliwekwa kizuizini zaidi ya mwaka. Aliyemwakilisha mbele ya jaji mwaka 1995 ni Layli Miller Bashir, ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa sheria. Walishindwa, jaji hakumwamini. Kisha Karen Musalo na kliniki ya American University wakachukua rufaa, na Juni 1996 bodi ya rufaa ikampa hifadhi, ikitamka kwamba ukeketaji wa aina aliyoukimbia ni mateso. Wanawake wengi wameegemea uamuzi huo tangu hapo.

Tusiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Mwanafunzi anajifunzia kwenye kesi ya mtu, na akikosea hafukuzwi nchini yeye. Muhula ukiisha anaondoka, wakati kesi inaweza kuchukua miaka. Anakuja mwingine, na mteja anasimulia upya siku aliyotamani kuisahau. Kwa maoni yangu kasoro kubwa zaidi ni kwamba anayefikia mji wenye kliniki ana nafasi, na anayefungiwa kizuizini mbali na mji wowote hutegemea bahati.

Simu hiyo ikikufikia, hakikisha kwanza na ndugu yako kwamba anamfahamu anayepiga. Mwanafunzi wa kliniki hadai pesa ya kumtetea mteja. Akidaiwa mtu, kuna mashaka. Usibuni tarehe ili kupendeza. Sema ulivyokumbuka, kama ni msimu wa mahindi sema hivyo, na utaje mtoto yupi alizaliwa mwaka huo. Cheti cha kifo, barua ya kanisa au ya msikiti, picha ya kovu: vipige picha, na nakala halisi uzihifadhi.