Pampu Haijarogwa, Imeliwa na Chumvi

Wasee wa Kanamkemer, tuache kudanganyana. Pampu ya kisima ikikufa hapa Turkana, stori ni zile zile: spea hakuna, kamati imelala, wananchi hawatunzi vitu. Sawa, kuna mahali hayo ni kweli. Lakini mbona hakuna anayeuliza ile paipu ya kule chini imetengenezwa na nini?

Paipu ya chuma hupakwa zinki ili isishike kutu. Zinki hujitoa mhanga, inaliwa kwanza. Sasa weka maji ya chumvi. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu inaendeshwa na umeme mdogo sana unaopita kati ya chuma na maji. Zinki inaisha mapema, chuma kinafuata. Ukiunga vyuma viwili tofauti, kile dhaifu kinaliwa haraka zaidi. Maji yanatoka mekundu, chai inakuwa nyeusi, nguo zinashika madoa. Mwishowe paipu inatoboka na mama anarudi kuchimba mchanga wa laga.

Na asituambie mtu hakujua. Ziwa Turkana lenyewe ni la magadi. Mwaka 2013 tulitangaziwa hazina kubwa ya maji chini ya Lotikipi, dunia ikashangilia. Vipimo vilivyofuata vikakuta maji ya chumvi.

Dawa ipo, tena ya hapa hapa Kenya. Miaka ya 1980 pampu za mkono zilijaribiwa kule Kwale, na Afridev, iliyokuzwa kutokana na kazi kama hiyo, hupandisha maji kwa paipu ya plastiki. Plastiki haishiki kutu. Kisima kikiwa kirefu mno kwa plastiki, kuna stenlesi, mradi ichaguliwe kulingana na chumvi ya maji hayo.

Najua jibu lenu: stenlesi ni ghali. Ghali kuliko nini? Kuliko kununua ya bei rahisi, kuing'oa, kununua tena, na katikati watu wanabeba mitungi juani? Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Kwa hivyo wakija mtaani kwenu na mradi wa kisima, kabla ya kupiga makofi uliza mawili tu: maji yamepimwa chumvi? Paipu ni ya nini? Wakikujibu "chuma cha kawaida tu" na maji ni ya chumvi, usiingie kwenye picha ya kukata utepe.