Uyoga wa jikoni kwenye ardhi iliyomwagiwa mafuta

Leo tuweke hina pembeni kidogo, tuzungumze uyoga.

Kusini mwa Nigeria kuna uyoga ambao akina mama wanaujua tangu enzi za bibi zao. Kitaalamu unaitwa Pleurotus tuber-regium, ni jamaa wa karibu wa uyoga wetu wa mamama. Hufunga donge gumu mfano wa kiazi, likamenywa, likasagwa na kutiwa kwenye mchuzi uwe mzito. Uyoga huohuo watafiti wa Nigeria waliujaribu kwenye udongo uliochafuliwa kwa mafuta ghafi, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Walipanda kunde humo. Udongo ulipoachiwa uyoga mwezi mmoja kabla ya kupandwa, kunde ziliota kwa wingi zaidi na mizizi ikarefuka.

Siri iko kwenye chakula chake. Uyoga huu huishi kwa kuozesha miti. Nyuzi zake nyeupe hutoa vimeng'enya vinavyokatakata sehemu ngumu ya ubao, na baadhi ya kemikali za mafuta ghafi zimeungana kwa namna inayofanana na sehemu hiyo. Zikishakatwa, bakteria wa udongoni humalizia.

Mimi naupenda ufumbuzi huu, lakini naogopa utakavyotumiwa. Tazama Ogoni, kwenye delta ya mto Niger. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti yake: kwenye visima vya Nisisioken Ogale, kemikali ya benzini, inayosababisha saratani, ilizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa zaidi ya mara 900. Mahali pengi mafuta yalikuwa yameshuka mita 5 chini. Kazi ya kusafisha ilikadiriwa kuchukua miaka 25 hadi 30. Anayechota maji kila asubuhi, akapikia, akatilia udhu na kuogeshea mtoto, tunamjua ni nani.

Uyoga haufiki mita 5. Hufanya kazi kwenye udongo wa juu, uliochanganywa na maranda au majani makavu. Kwa hiyo akija mtu na magunia ya mbegu za uyoga akasema hayo ndiyo malipo, asikubaliwe. Aliyemwaga alipe, na maji safi yaje kwanza.

Ila udongo wa juu ndiko uliko muhogo. Kuuchimba ukaenda kumwagwa kwengine ni kuhamisha uchafu kutoka mlango wangu kwenda mlango wako. Uyoga wa palepale haungoji meli, na donge lake linauzwa sokoni. Wanaojua unapenda kivuli gani na gogo gani ni wanawake wale wale waliopoteza mashamba. Basi waajiriwe kwa mshahara, kama anavyolipwa mhandisi, si kuitwa "wanaojitolea" kisha wakapewa fulana na soda. Hilo tumelizoea mno.

Na uyoga utakaoota hapo usipikwe, hata ukinona vipi. Unaweza kuozesha mafuta, lakini risasi na kadmiamu hauziozeshi. Huzifyonza tu, zikabaki mwilini mwake.