Akipanda Raum Mnasema Kafulia!

Wadau, hii tabia siipendi kabisa. Msanii mmoja mkongwe, jina kapuni, kaonekana Sinza akishuka kwenye Toyota Raum, basi ikawa gumzo mji mzima. "Kafulia", "gari la akina mama hilo".

Kafulia wapi? Mtu ana miaka hamsini na ushee! Ile Subaru yake aliyoishusha mwenyewe, tairi nyembamba, springi ngumu, kila tuta la Dar linagonga mgongoni moja kwa moja. Kiti kiko chini, kutoka mpaka ushike mlango ujivute. Ukiwa na miaka 25 hayo huyaoni, unasikia mngurumo wa injini tu. Magoti yakianza kulalamika, raha ni kiti unachokikalia bila kuinama wala kupanda.

Na hiyo Raum mnayoicheka, toleo la 2003, Wajapani waliibuni makusudi ili kila mtu, mzee kwa kijana, aingie bila taabu: milango ya nyuma inateleza, na upande wa kushoto hakuna hata nguzo ya katikati. Gari lako la kishua lina hiyo?

Kuna dada mmoja wa filamu, yeye bado ana kagari ka milango miwili. Akifika ukumbini anakaa ndani mpaka watu wapungue ndo ashuke, asionekane anavyojikongoja. Eti analinda jina! Nani kamtia hofu hiyo kama si midomo yenu?

Mwacheni kaka na Raum yake. Haya, nitukaneni sasa.